Barazani kwa Ami: "Naogopa siku watakayojua kuwa sijui"

Assalaam alaykum Ami,

Barua hii nimeiandika mara tatu nikaifuta. Naomba usitaje hata mtaa wangu, maana Amu, yaani Lamu, ni ndogo na ukisema neno moja tu watu watajua ni nani.

Mimi ni kijana wa miaka 29, mchonga nakshi. Nilianza nikiwa na miaka 14, kazi yangu kufagia maganda ya mbao na kwenda kununua kahawa, katika karakana ya mzee mmoja ambaye sasa ni marehemu, Mungu amrehemu. Hakuwa mtu wa kueleza. Mwaka wa kwanza alinipa msasa. Wa pili akanipa randa. Patasi niliishika mwaka wa tatu, na hata hapo nilikuwa nachimba tu pale alipokwisha kuchora yeye. Alipofariki, miaka minne iliyopita, mjane wake aliniita akanipa sanduku la vyombo vyake na bunda la karatasi. Ni karatasi za mifuko ya saruji, amezikata akazinyoosha, na juu yake mna michoro yake yote: mnyororo wa miimoni (zile mbao za pembeni za fremu), yungiyungi, waridi la ubao wa juu, majani yanayopanda. Kila kazi niliyoifanya tangu siku hiyo imetoka katika bunda lile. Naweka kaboni, nafuatisha kwa kalamu, nachonga. Basi.

Mwaka jana nilichonga mlango wa nyumba moja Shela. Mpwa wangu akaupiga picha akautia Instagram. Tangu hapo simu hailali. Naitwa fundi bingwa, naitwa mrithi wa wazee, na wengine wanaandika maneno ambayo hata kuyasoma naona haya. Kuna watu walitaka niende nikazungumze kwenye mkusanyiko wa wasanii kuhusu "sanaa yangu". Nikawaambia nina homa. Sikuwa na homa. Karakanani nina vijana wawili wanaojifunza, na kila wakiniita fundi, mimi hutazama chini nikajifanya natafuta kitu.

Sasa lililonifikisha kwako ni hili. Miezi miwili iliyopita bwana mmoja anayejenga Malindi alinipa kazi ya mlango wa mbele, fremu na mbao zake mbili, Sh180,000. Akanitumia arbuni ya Sh70,000 kwa M-Pesa. Mbao za bambakofi nimenunua, zipo. Lakini aliniambia neno moja: "Sitaki mlango niliouona kwa mtu. Nataka nakshi yako wewe." Ami, tangu siku ile sijaigusa kazi ile. Nakaa na penseli, nachora, nafuta. Likitoka jambo ni la marehemu, na lisipokuwa la marehemu basi ni takataka. Wiki ya tatu hii, yule bwana akipiga simu naitazama tu mpaka inyamaze.

Rafiki yangu aliyesomea sanaa chuoni Nairobi alikuja kunitembelea. Akaliona lile bunda, akapekua, akacheka: "Kumbe wewe ni fotokopi yenye mikono!" Najua alikuwa akitania. Ila neno lile limekaa kifuani kama mwiba wa samaki.

Na hili sijamwambia mtu. Ule mlango wa Shela unaosifiwa una kosa. Kwenye mwimo wa kushoto, pale jani la marehemu linapopinda, ubao ulikuwa na jicho gumu. Ningelilazimisha, lingepasuka. Nikaligeuza jani upande wa pili, na nafasi iliyobaki tupu nikaitia ua dogo. Sikufuata karatasi. Hakuna aliyeona, si mwenye nyumba, si wale wa Instagram. Hapo ndipo nilipojua kwamba naweza kuwadanganya watu na wakaridhika.

Mama asema ni jicho, amenisomea mara mbili. Namshukuru, lakini mimi naona ukweli ni kwamba sina kipaji, nina bunda la karatasi. Ndugu yangu ana boti ya abiria ya Mokowe na yuko tayari kunichukua. Nirudishe pesa za watu niende zangu baharini?

Wako,
Fotokopi, Amu

*

Wa alaykum salaam, mwanangu.

Nitakuita Fundi. Hilo jina jingine umejibandika wewe, na mimi sitaliandika tena.

Kabla sijasema lolote, mpigie simu yule bwana wa Malindi. Kama sauti itakukwama, mwandikie. Ifanye leo, kabla ya Magharibi, kisha urudi uendelee kusoma. Unasema unaogopa kujulikana kuwa ni tapeli. Basi katika barua yako nzima nimemtafuta huyo tapeli, na sehemu pekee niliyoona hata kivuli chake ni kwenye simu usizopokea. Nakshi haikukufanya mwongo. Lakini mtu aliyetoa elfu sabini, akapiga simu wiki tatu bila kujibiwa, yeye hajui habari za waswasi wako. Huko Malindi anajiambia, "Nimeliwa." Kadiri unavyokaa kimya kwa kuogopa kuonekana tapeli, ndivyo unavyozidi kufanana naye.

Ukikosa maneno, chukua haya yangu: "Assalaam alaykum bwana. Niwie radhi kwa kutopokea simu zako, kosa ni langu. Mbao zako zipo, salama. Mchoro bado sijaumaliza. Miimo nataka kuitia nakshi za kale nilizorithi kwa mwalimu wangu, na ubao wa juu nitauchora mwenyewe. Nitakuletea karatasi uione kabla sijatia patasi. Naomba nafasi mpaka mwisho wa mwezi. Usiporidhika, tutazungumza habari ya arbuni yako." Hakuna uongo hapo, na wala hujajidhalilisha. Umemwambia lipi la urithi na lipi lako. Akikubali, deni la roho limekwisha, limebaki deni la kazi, ambalo kwa fundi ni jambo la kila siku.

Umeshampigia? Haya, tuendelee.

Hiyo hali yako ina watu wengi, na imeshaandikwa. Mwaka 1978 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Pauline Clance na Suzanne Imes, waliokuwa katika chuo kikuu cha Georgia State mjini Atlanta, walitoa makala kuhusu wanawake zaidi ya 150 waliowahi kuzungumza nao. Hawakuwa wanawake wa kuanguka mitihani. Walikuwamo wenye shahada za juu, wenye kuheshimika katika kazi zao, wanafunzi wanaosifika. Na bado, ndani ya nafsi zao, walikuwa na yakini kwamba wamewahadaa watu na kwamba siku moja pazia litafunguka. Aliyepata nafasi chuoni alijiambia waliochagua walikosea. Aliyefaulu alisema ni bahati. Baadaye ikaonekana kwamba wanaume nao wamo, tena wengi. Wale mabibi wawili hawakuiita ugonjwa, waliieleza kama hali inayompata mtu. Nakwambia haya usije ukadhani unahitaji dawa, au kwamba Amu nzima ni wewe peke yako uliyetupiwa jambo.

Kuna jambo jingine walilolisema nikalipenda: sifa hazimponyi mtu wa namna hii. Ukimsifu, anapata la kuogopa zaidi. Wewe mwenyewe umeniandikia: kila neno zuri la Instagram limekuongezea haya. Wao walipendekeza watu hawa wakae pamoja, kila mmoja amsikie mwenzake akijidunisha, ndipo auone upuuzi wa lile analojiambia mwenyewe. Huko inabidi watu wapange chumba na saa. Sisi baraza ziko kila mlango, na tunazitumia kwa siasa na bei ya samaki.

Lakini sitaki ujifiche nyuma ya Clance na Imes ukalala. Kuna watu husoma habari hizi wakafurahi: "Kumbe ni hali tu, mimi sina upungufu wowote." Wewe upungufu unao, na umeutaja kwa mkono wako. Hujui kuchora. Hilo si waswasi, hilo ni somo ambalo hukulisoma, kwa sababu mzee wako hakukufikisha hapo kabla ya siku yake kufika. Umechukua vitu viwili ukavifunga kitambaa kimoja, somo ulilolikosa na kipaji ambacho unadhani huna, kisha unalia kwa uzito wa mzigo. Tuvifungue.

Nianze na bunda. Unalionea haya kama mtu aliyekutwa na mali ya wizi. Nani aliyekupa? Mjane wa mwenyewe, kwa mkono wake, pamoja na sanduku la vyombo. Watoto wa mjini wanarithi nyumba na mashamba ya minazi na hakuna anayewacheka. Na hebu jiulize, marehemu naye aliitoa wapi ile minyororo ya miimoni? Hakuizua. Mnyororo, yungiyungi, waridi, vimo katika milango ya mji huu tangu kabla babu yake hajazaliwa, na milango mingi ya kale haina jina la aliyeichonga. Waliotutangulia walifuatisha, wakabadilisha kidogo, wakafa, akaja mwingine akafuatisha.

Unamjua Muhamadi Kijumwa, angalau kwa jina. Alizaliwa hapa Amu karibu mwaka 1855, akafariki 1945. Alikuwa mshairi, alikuwa na mwandiko wa khati wa kupendeza, na alikuwa mchonga mbao kama wewe. Sehemu kubwa ya umri wake aliipitisha katika kunakili: anakaa, anaandika upya kwa mkono tenzi za watu wengine, ubeti baada ya ubeti, kwa herufi za Kiarabu. Baadhi ya miswada yake leo imehifadhiwa London, na bila ya mkono ule tungekuwa na pengo kubwa. Na huyohuyo mnakili ndiye ambaye wanaoeleza nakshi za milango yetu wana mtindo wanaouita kwa jina lake. Sijasikia mtu akimtania kwa kunakili.

Jambo moja tu juu ya bunda: je, yule mjane amewahi kuuona mlango wa Shela? Chukua simu ya mpwa wako, nenda na sukari kilo mbili, umwonyeshe. Mwambie, "Mama, hii ni michoro ya mzee." Sikuagizi hivi kwa ajili yake peke yake. Mtu anayeogopa kufichuliwa hupata nafuu ya ajabu akitangulia kusema mwenyewe, kwa mtu mwenye haki ya kusikia.

Sasa somo. Rafiki yako aliyetoka Nairobi, maneno yake yalikuwa makavu, na mtu mzima huchagua pa kutania. Lakini ana kitu usichokuwa nacho, na yuko karibu. Mwambie akufundishe kuchora Jumamosi mbili tatu, nawe umfundishe kunoa patasi. Nina shaka kama anaijua kazi ya kunoa, na si kumteta, vyuo vingi havina muda wa jambo hilo.

Na usimngoje. Usiku wa leo chukua bikari, piga duara kwenye karatasi. Usibadilishe upana wa bikari. Weka ncha mahali popote juu ya ule mzingo, piga tao likatize duara. Hamia pale lilipokata, piga tena. Utazunguka mara sita na kurudi ulipoanzia, kamili, na katikati utaona waridi la majani sita limejitokeza, bila kipaji, bila ilhamu, bila kuamka usiku. Gawa kila nafasi kwa nusu upate kumi na mawili. Kisha litoe lile bunda, tafuta karatasi yenye waridi la ubao wa juu, uiinue kwenye taa. Tazama katikati kabisa. Ukiona tundu dogo la ncha ya bikari, umemfuma mzee wako akifanya kazi. Miaka yote hiyo ulikuwa unafuatisha mistari yake, kumbe chini ya mistari ile kuna hesabu, na hesabu haina mwenyewe.

Ukishalijua tundu, huna haja tena ya kaboni kwa ua lile. Utaweza kulifanya kubwa, dogo, la majani manane, utakavyo. Hivyo ndivyo michoro inavyozaliwa. Wewe unakaa na karatasi tupu ukitaka nakshi "yako" ishuke kutoka juu kama mvua ya masika. Haishuki. Hutoka katika ua la marehemu lililogawanywa vingine.

Ukipata siku, ingia ile Nyumba ya Kiswahili ya makumbusho, usimame mbele ya vidaka vya chokaa. Nenda na daftari, simu iache mfukoni. Simu ikipiga picha, jicho huondoka likidhani limeona. Chora kidaka kimoja tu, vibaya vivyo hivyo. Na maji yakiruhusu fika Siyu, kisiwani Pate, ukaangalie kazi za kule.

Sasa nifikie pale palipoifanya barua yako nisiiweke chini.

Ulisema mwimo wa kushoto ulikuwa na jicho gumu. Ukaona kwamba patasi ikipita pale ubao utapasuka. Ukaligeuza jani. Ukaona nafasi imebaki uchi, ukaitia ua. Halafu ukaniletea habari hiyo kama mtu anayeungama dhambi.

Fundi, soma tena ulichoandika. Nani alikwambia jani likigeuka nafasi itahitaji ua, na si nyota, na si kuachwa tupu? Nani alikupimia ukubwa wa ua hilo hata watu mia wakatazama picha na wasione kiraka? Karatasi ya marehemu haikuwa na jicho la mbao. Karatasi haina mafundo, haina nyuzi, haipasuki. Pale kwenye jicho mzee hakuwepo, kaboni haikuwepo, ulikuwepo wewe na patasi na ubao uliokataa. Kitu kilichotoka hapo ndicho kile ambacho yule bwana wa Malindi anakuomba kwa jina la "nakshi yako wewe", na wewe umekaa miezi miwili unasema huna.

Umeliita kosa kwa sababu ulifundishwa kufuata. Kufuata ni adabu, na ulifundishwa vizuri. Lakini usiseme ulidanganya watu wakaridhika. Waliridhika kwa sababu palipendeza. (Mama yako asema ni jicho. Mwambie Ami naye amekubali ni jicho, ila la mbao. Na akikusomea tena, kaa utulie asome. Dua ya mama hairudishwi.)

Najua utanijibu: "Ami, ua moja dogo si kipaji." Kweli, ni ua moja. Miaka kumi na mitano ya msasa, randa na patasi imekupa mkono unaojua ubao utakataa wapi kabla haujakataa. Kipaji mimi sijawahi kukiona kikikaa peke yake mahali, nimeona mikono iliyozoea. Anza mlango wa Malindi kwa ua hilohilo. Liwe ndilo mama wa ubao wa juu: likuze kwa bikari, lizungushie jani lililogeuka, uone linakwenda wapi.

Nikueleze na langu, ili usidhani nakuhubiria kutoka kwenye mimbari. Mimi kabla ya macho haya kuchoka nilikuwa nikiandika majina ya mashua na majahazi. Brashi, rangi ya mafuta, kamba ya chaki ya kupigia mstari. Sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa kutazama herufi za makopo na mabango, na kila kazi nilikuwa na hofu kama yako: leo watajua. Basi siku moja wakajua. Nahodha mmoja alinipa mashua yake mpya Matondoni niandike TAWAKAL. Nilikuwa na haraka, jua linazama, nikaandika TAWALAK. Herufi nzuri, zina kivuli na mapambo, pande zote mbili za omo. Ilipokuja mbele ya mji asubuhi, gati zima likasoma.

Hofu yangu yote ya miaka ilitimia mchana mmoja. Unajua kilichotokea? Walicheka. Nahodha alifoka, nikafuta nikaandika upya bila malipo, rangi yangu mwenyewe. Vijana wa Langoni wakaniita Tawalak mpaka msimu wa kaskazi ukaisha, na hata leo kuna mzee mmoja haniiti vingine. Halafu akaja nahodha wa pili na kazi. Akasema, "Niandikie, lakini kwanza niandikie kwenye karatasi niione." Nikaona haya, nikaandika. Tangu siku hiyo sikuandika jina bila karatasi, na ndiyo maana nikakwambia umpelekee yule bwana mchoro kwanza. Sikupata busara hiyo kwa kusoma.

Kuna jambo linatuchanganya sisi watu wa pwani. Tumelelewa tusijisifu. Mtu akikwambia kazi yako nzuri, useme "ah, ya kawaida tu, tunajaribu." Hiyo ni adabu, na mimi siitupi. Lakini adabu ya ulimi ikizama moyoni ikawa imani, huharibu. Mtazame Mwana Kupona. Utendi wake aliomwandikia bintiye, mwenyewe akiwa katika maradhi, anaufunga kwa kujishusha: mtunzi ni gharibu mwenye hamu, anamwomba Mola msamaha. Hakuna majivuno hata chembe. Na papo hapo anaweka tarehe, mwaka 1275 wa Hijria, yaani 1858, wazi, ijulikane utungo huu ni wa lini. Alijishusha kwa Mola wake, lakini kazi hakuificha. Wewe ulipowaambia wale watu una homa, hukujishusha. Uliificha kazi, na juu yake ukasema uongo mdogo. Wakikualika tena, nenda na bunda chini ya kwapa ulifungue mbele yao, uwaambie hizi ni za mzee wangu na hivi ndivyo ninavyozitumia. Nakuhakikishia hicho ndicho watakachokumbuka.

Wale vijana wawili, wakikuita fundi itikia. Na usiwafundishe kimya kama ulivyofundishwa. Unapogeuza patasi kufuata uzi wa mbao, sema kwa nini unaigeuza. Mara ya kwanza utaona kama unajisemea ovyo. Mara ya kumi utashangaa ni mengi kiasi gani ulikuwa unayajua bila kujua kuwa unayajua.

Boti ya Mokowe haiendi popote, ndugu yako atakungoja. Kama baada ya mlango wa Malindi roho yako bado iko baharini, nenda kwa heri, kubeba abiria ni kazi. Ila usiende kwa kukimbia simu.

Mimi Ijumaa nina arusi Shela, nitakwenda mapema kabla jua halijawa kali. Usiniambie ni nyumba gani. Nitapita mlango kwa mlango nikitazama miimo ya kushoto, mpaka nilione hilo ua.

Ami